Tulikesha Chumba cha Kati: Ushuhuda wa Kimbunga Hidaya, Kilwa Kivinje

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetuvusha salama, mimi na wote tuliokuwa chini ya paa moja, Kimbunga Hidaya kilipopita pwani yetu tarehe 4 Mei 2024. Mimi ni mkazi wa Kilwa Kivinje, mke wa mvuvi na mama wa watoto. Natoa ushuhuda huu kwa sababu wengi wetu huku Kusini bado tunaamini kwamba vimbunga ni vya Msumbiji na Madagaska, na kwamba siku kikija kwetu, atakayepona amepona kwa bahati. Kudra ya Mungu iko juu ya kila kitu. Lakini Mungu alitupa pia masikio ya kusikia onyo, mikono ya kujiandaa na akili ya kutulia ndani. Tulivitumia vyote vitatu, na ndiyo maana leo nipo kusimulia.

Habari zilianza kutufikia katikati ya wiki. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, ilitangaza kuwapo kwa mgandamizo mdogo wa hewa baharini, mashariki ya Mtwara, nao ulikuwa unazidi kupata nguvu. Kufikia Ijumaa tarehe 3 Mei tulikuwa tunaambiwa habari za kimbunga kamili chenye jina, na upepo wake ukitajwa kufika kilomita 130 kwa saa. Mikoa ya Mtwara, Lindi, Pwani, Dar es Salaam na Tanga ilitajwa, pamoja na visiwa vya Unguja na Pemba. Boti za abiria kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasitishwa. Kwetu tangazo lilisomwa msikitini baada ya swala ya Ijumaa, na redio ikalirudia mchana kutwa.

Hapo ndipo watu walipogawanyika. Barazani kwetu vijana wa pwani walisema haya tumeshayasikia. Aprili 2019 tuliambiwa Kenneth anakuja, Mtwara watu wakahamishwa, kimbunga kikaingia Msumbiji. Aprili 2021 tukaambiwa Jobo, kikafifia kabla hakijatugusa. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alishaandaa mafuta ya mashine na nyavu, anataka kutoka alfajiri. Hoja yake ilikuwa na uzito, maana siku asiyokwenda baharini ni siku ambayo nyumba haina kitoweo wala hela ya unga.

Aliyemzuia ni bibi yake. Yeye ni mzaliwa wa Lindi mjini, na alikuwa mtoto wa kutumwa maji kisimani tarehe 15 Aprili 1952, kimbunga kilipoupiga mji ule. Alimwita shemeji, akamkalisha mkekani karibu yake, akamwambia: "Mjukuu wangu, mimi sikusimulii hadithi. Tulitoka nje asubuhi tukakuta minazi imelala yote upande mmoja, na nyumba za jirani zetu hazipo. Minazi hailali bure. Wewe ukienda na kimbunga kisije, umepata samaki. Kikija, mimi nitakulilia wapi?" Shemeji akainamisha kichwa, akasema, "Nimekusikia, bibi." Akarudisha mashine ndani.

Nimejifunza baadaye kwamba bibi na wale vijana wote walisema kweli. Pwani yetu hunusurika mara nyingi, na si kwa uchawi. Kimbunga kinahitaji bahari yenye joto, na kinahitaji pia mzunguko wa dunia ukizungushe, na mzunguko huo ni hafifu karibu na ikweta. Kilwa iko kama nyuzi 9 tu kusini ya ikweta. Tena Madagaska imesimama mbele na kupokea vimbunga vingi vitokavyo Bahari ya Hindi. Lakini kinachopita kaskazini ya Madagaska hakikuti ukuta wowote hadi kwetu. Hivyo ndivyo Hidaya alivyopita. Na si mara ya kwanza: tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu sehemu kubwa ya kisiwa na kuzamisha merikebu za Sultani Barghash bandarini. Miaka 80 baadaye, tarehe ile ile, ikawa zamu ya Lindi. Jambo linalotokea kwa nadra ndilo linalowakuta watu wamelala.

Ijumaa ile alasiri tuligawana kazi. Mume wangu na mdogo wake walianza na vyombo vya baharini. Mashua waliipandisha juu kabisa, wakaivuta hadi nyuma ya mikoko, wakaitoa mashine, tanga na makasia, wakaifunga kwa kamba mbele na nyuma. Bahati njema mwezi ulikuwa 24 Mfunguo Mosi, maji mafu yamepita karibuni na bamvua haijafika. Mume wangu alilisema hilo akitazama alama ya maji mchangani: ingekuwa bamvua, bahari ingeongezewa na upepo na kuingia hadi kwenye nyumba za mwanzo.

Kisha wakapanda juu ya nyumba. Nyumba yetu ni ya Kiswahili, vyumba sita na ukumbi katikati, kuta za tofali za saruji, bati juu. Fundi rafiki wa mume wangu alikuja kuwasaidia, na maneno yake nayakumbuka. Alisema watu hudhani upepo unalisukuma paa, kumbe upepo ukipita kasi juu ya bati hulivuta kwenda juu, na ukiingia ndani kupitia dirisha au mlango hulisukuma kutoka chini. Vikikutana viwili hivyo, paa huinuka kama kifuniko cha sufuria inayochemka. Kwa hiyo kazi ni mbili: kulifunga paa na kuuzuia upepo usiingie. Walipigilia upya misumari ya bati iliyolegea, hasa pembeni na kwenye kofia ya paa. Boriti wakazifunga kwenye ukuta kwa waya mnene. Amari ya zamani ya mashua wakaipitisha juu ya paa upande hadi upande, ncha zake wakazifunga kwenye vigingi virefu vilivyochimbiwa chini. Madirisha ya upande wa bahari tukayapigilia mbao kwa nje.

Mimi na mawifi zangu tulishika uani na jikoni. Kila kitu chepesi kilichokuwa nje tulikiingiza ndani: ndoo, vinu, mabenchi, bati chakavu, kuni, hata vigae vilivyokuwa vimeegemezwa ukutani. Bati moja lililolegea likipeperushwa na upepo wa kasi ile hukata mtu. Matawi makavu ya mwembe yaliyokuwa juu ya paa yalikatwa. Tulijaza madumu yote maji, tukafunika kisima kwa mbao na mawe. Tulichemsha muhogo, tukapika mikate ya kumimina, tukakaanga samaki wakauke vizuri, ili tusiwashe moto wakati upepo unavuma. Simu tulizichaji, nyingine tukazizima kabisa ili chaji ibaki. Taa ya sola, tochi, betri za redio na viberiti tulivitia ndani ya ndoo yenye kifuniko. Vyeti vya watoto vya kuzaliwa, kadi za kliniki, hati ya kiwanja na dawa ya presha ya bibi tulivifunga kwenye mifuko miwili ya plastiki, mmoja ndani ya mwingine, vikakaa na bibi mwenyewe.

Jirani yetu wa nyuma ana nyumba ya miti na udongo, paa la makuti. Ni mjane, ana wajukuu wadogo. Tulimfuata kabla ya magharibi. Alisita, kwa sababu mtu kuacha nyumba yake si jambo jepesi, na kwa sababu hakutaka kuwa mzigo. Mume wangu alimwambia, "Mama, leo nyumba ni moja." Akabeba godoro lake mwenyewe, wajukuu wakabeba kuku. Jirani mwingine alikuwa anaishi ubavuni mwa gofu, moja ya zile nyumba kubwa za mawe na chokaa zilizojengwa Kivinje enzi za biashara ya pembe na sandarusi, ambazo sasa zimebaki kuta ndefu zisizo na paa. Huyo naye tulimsihi aondoke, maana ukuta mzee uliolowa mvua hauaminiki. Alikwenda kwa ndugu zake wanaokaa mbali na magofu.

Tulichagua mahali pa kulala kabla upepo haujaanza. Hatukutaka chumba cha mbele kinachotazama bahari, wala cha mwisho karibu na uani. Tulichagua chumba cha kati upande wa kaskazini, chenye dirisha dogo, chumba huku na chumba huku, ukumbi mbele yake. Mume wangu alisema kusi ndilo litakaloanza, kwa kuwa kimbunga kikiwa bado baharini upande wa mashariki, upepo wake hutufikia ukitokea kusini. Kikipita kwenda Mafia, utageuka na kutokea baharini moja kwa moja. Chumba kile kingekuwa na kinga kwa hali zote mbili. Nasema haya kwa urefu kwa sababu mtu akianza kutafuta chumba salama gizani, watoto wanalia na bati linapiga, ameshachelewa. Swichi kuu ya umeme tuliizima wenyewe, hatukungoja umeme ukatike.

Upepo uliingia usiku wa kuamkia Jumamosi. Mwanzo ulikuwa kama kusi la kawaida lililokasirika, na mvua ikija na kukatika. Kadiri muda ulivyokwenda, ile mikatiko ikapungua. Sauti ilibadilika ikawa ngurumo nzito isiyopumua, na chini yake bati likawa linalia kwenye misumari, kri, kri, kri. Watoto tuliwalaza chini, pembezoni mwa ukuta wa ndani, tukawafunika magodoro. Bibi alishika tasbihi, akasoma kwa sauti ili wamsikie yeye kuliko upepo. Kila mtu alivaa viatu, hata waliolala. Hilo lilikuwa agizo la bibi, kwamba nyumba ikibomoka usiku watu hukatwa miguu na vioo na misumari wakati wa kukimbia.

Mchana wa Jumamosi upepo uligeuka, kama alivyosema mume wangu, ukawa unatoka baharini. Chumba cha mbele ndicho kilichoupokea. Tulisikia kishindo kimoja: mbao za dirisha zimeng'oka, na dirisha lenyewe limeingia ndani. Papo hapo nyumba nzima ilibadilika. Masikio yaliziba. Vumbi la dari likaanguka juu yetu, na mlango wa chumba kile ukawa unatikisika kwenye bawaba, unataka kufunguka ukumbini. Humo ndani kulikuwa na kabati letu la nguo, runinga, na cherehani yangu ninayoshonea nguo za watu. Kwa mara ya kwanza nilinyanyuka. Mume wangu alinishika mkono akasema neno moja tu: "Acha." Yeye na mdogo wake waliegemea mlango ule kwa mabega, wakausukuma ukafunga, wakapitisha boriti kwa nyuma, wakasogeza kitanda cha mninga cha chumba cha pili kikakaza. Upepo ukabaki umefungiwa chumba kimoja. Baadhi ya bati za juu ya chumba kile zilikwenda, na tukazisikia zikienda. Lakini amari ilishika, na paa lililobaki lilishika.

Kama mlango ule ungefunguka, upepo ungeingia ukumbini na vyumba vyote, na paa lote lingenyanyuka. Kwa hiyo kila mwenye nyumba aelewe: milango ya ndani nayo ifungwe yote. Kila mlango uliofungwa ni ukuta wa ziada kwa walioko ndani.

Alasiri upepo ukatulia. Ulitulia kweli, hata kuku wakaanza kulia. Shemeji akasimama, anataka kwenda kutazama mashua. Niliwaona na vijana wengine kwa upenyo wa dirisha, wameshatoka njiani wanaokota maembe na bati. Bibi alisema, "Kaa. Mpaka redio iseme." Upepo wa kimbunga huja kwa mafungu, na mtu aliyekaa chini ya jicho la kimbunga lenyewe hupata shwari kamili kwa muda, kisha upepo humrudia kutoka upande wa pili kwa nguvu ile ile. Haukupita muda mrefu, mvua ikaanguka upya na upepo ukarudi. Mwembe wa njia panda, ambao vijana walikuwa wamesimama chini yake, ulianguka wakati huo. Walishakimbia, alhamdulillahi. Shemeji aliuona ukianguka kwa upenyo ule ule, akarudi kukaa karibu na bibi bila kusema neno.

Hidaya aliingia Mafia siku hiyo ya tarehe 4, na usiku wake nguvu zikaanza kumwisha. Jumapili asubuhi TMA ilipokuwa imeshatangaza kwamba kimbunga kimepoteza nguvu, ndipo tulipofungua mlango. Hatukuwaachia watoto. Walitoka watu wazima kwanza, kwa fimbo, wakitazama juu na chini: nyaya za umeme zilizolala kwenye maji, matawi yaliyoning'inia, nyoka waliotafuta pakavu. Nyumba ya jirani yetu wa makuti ilikuwa imebaki fito upande mmoja. Alisimama akaitazama kwa muda mrefu, kisha akahesabu wajukuu wake mmoja mmoja kwa kuwagusa vichwa, na wote walikuwapo.

Mashaka hayakuisha na upepo. Mvua ya Hidaya iliifuata ardhi iliyokwisha kushiba masika makubwa ya mwaka ule, na barabara kuu ya Dar es Salaam–Lindi ikakatika sehemu kadhaa katika wilaya yetu ya Kilwa, ikiwemo Somanga. Mikoa ya Lindi na Mtwara ikatengana na Dar es Salaam kwa barabara hiyo. Mabasi na malori yalikwama kwa siku kadhaa, abiria wakalala ndani ya magari, mpaka Wakala wa Barabara, TANROADS, walipojaza mawe na kufungua njia. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kujiandaa kwa kimbunga si kujiandaa kwa usiku mmoja. Unga, mafuta ya taa, chumvi, dawa za wagonjwa wa muda mrefu na maziwa ya mtoto vitoshe wiki nzima, kwa sababu huku kwetu barabara ni moja. Maji ya kisima tuliyachemsha yote kabla ya kunywa, maana vyoo vilifurika, na baada ya mafuriko kipindupindu hakiko mbali.

Mei hiyo hiyo haikuisha kabla TMA hawajatangaza kingine, Ialy, kilichopita baharini kuelekea kaskazini. Safari ile sikusikia mtu barazani kwetu akicheka.

Sasa nasema na ndugu zangu wa Kilwa, Lindi, Mtwara na Mafia. Tunajenga sana siku hizi, na bati limefika kila kijiji, lakini nyumba nyingi paa limekalishwa tu juu ya ukuta. Ukijenga, mwambie fundi aache nondo au waya mnene ndani ya linta, aufunge kwenye kenchi. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kuezeka upya. Msiikate mikoko ya mbele ya mji, ndiyo iliyoshika mashua zetu. Viongozi wa vitongoji na mitaa waijue mapema orodha ya wajane, wazee, wagonjwa na wanaokaa nyumba za makuti au ubavuni mwa magofu, na waseme mapema wataingia nyumba gani. Maimamu na mapadri waendelee kusoma matangazo ya hali ya hewa, kwa sababu kuna anayemwamini imamu wake kuliko redio.

Na wewe unayesoma, TMA wakitangaza kimbunga, usisubiri kuona mawingu. Funga paa, jaza maji, chagua chumba cha kati, mwite jirani yako mwenye nyumba dhaifu, ufunge milango yote, ukae ndani mpaka utangaziwe kwamba kimepita. Kama nyumba yako haina nguvu au iko ukingoni mwa bahari au mto, ondoka kungali mchana uende kwenye nyumba imara au shule. Kikipita bila kukugusa, hukupoteza kitu kikubwa. Mshukuru Mungu, ukapumzike, na kingine kikitangazwa ujiandae tena vile vile.